Kuta na Vivuli: Kutoka Kwihara hadi Ujiji

Jumatatu, Tabora mjini

Mwezi wa saba jua la Tabora hupita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga mchana kutwa, na ule unaotazama kusini hushinda kivulini. Mpiga picha wa majengo asiyelijua hilo atailaumu kamera yake bure. Kwa hiyo asubuhi nzima nimezunguka mji kwa miguu, kamera mkobani, mkononi daftari na dira ya simu, nikiandika kila jengo linatazama wapi na nilirudie saa ngapi.

Tukizungumzia majengo ya kale tunataja kuta, milango na mapaa. Vivuli hatuvitaji. Hata hivyo watu waliojenga hapa, tangu zama ambazo wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Novemba 1857 na kupaita Kazeh, walijenga wakikimbia jua la bara. Waarabu walitia ua katikati ya nyumba, Wajerumani wakazungushia veranda, na wote wakapanda miembe. Nimekuja kupiga ukuta pamoja na kivuli chake, kwa sababu ukuta ukiwa peke yake kwenye picha, mtazamaji hataelewa kwa nini ulijengwa hivyo.

Nimeanza na stesheni ya reli. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora 1912. Stesheni, bandari, madaraja na majengo ya jeshi hayapigwi picha kiholela nchini mwetu, basi nilipitia ofisini kwanza, nikaeleza ninachotaka na kuonyesha kazi zangu za nyuma. Nikaruhusiwa kupiga jengo, nikaombwa niwaache abiria na mabehewa. Ombi la haki kabisa.

Paa la stesheni lina mteremko mkali wa nchi za theluji. Nililitazama kwa muda mrefu nikiwa kando ya barabara. Fundi alikuja na mchoro wa kwao, halafu jua la Unyamwezi likamlazimisha kuongeza kivuli upande wa wanaosubiri. Nilitumia lenzi ya milimita 35, nikarudi nyuma hadi jengo lote likaingia kwenye fremu bila kuinua pua ya kamera. Ukiinua kamera kidogo tu kufuata paa, kuta huanza kulaliana na jengo linaonekana kama linaanguka kinyumenyume. Afadhali kubaki na ardhi nyingi mbele ya picha, utaikata baadaye.

Boma la Wajerumani liko mikononi mwa jeshi. Nimepita tu, kamera ikiwa imefungwa.

Jioni nimeimalizia kwenye barabara za miembe. Miembe ya Tabora ni mikongwe, mashina yake hayakumbatiki na mtu mmoja, na msimu huu imeanza kuchanua vishada vya maua ya rangi ya krimu. Nimepiga nyumba tatu za zamani nikiwa nimejibanza kwenye shina, matawi yakiwa juu ya fremu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga akaniuliza, "Mwanangu, unapiga nyumba au unapiga mti?" Nikamwambia vyote viwili, mama. Akasogeza beseni lake ili lisiingie kwenye picha. Nikamwomba alirudishe lilipokuwa, maana pale ndipo kivuli kilipoishia, na beseni lilionyesha hivyo waziwazi.

Jumanne, Kwihara

Kwihara iko kilomita sita hivi kutoka mjini, upande wa kusini magharibi. Nimepanda bodaboda kabla jua halijachomoza. Njia nzima ni vumbi, mashamba yaliyokwisha vunwa na miembe imesimama huku na huku. Akina mama waliobeba kuni walitusalimu "mwangaluka", nasi tukajibu vivyo hivyo.

Tembe la Livingstone ni jengo lililojengwa upya kwa mfano wa lile la kale. Wapo wanaolidharau kwa sababu hiyo. Mimi silidharau, kwani nyumba ya udongo haijawahi kuishi bila kujengwa upya. Kuta za udongo mwekundu, paa bapa, mlango mzito wa nakshi, vyumba vinavyozunguka ua: huo ndio mpango wenyewe. Katika tembe la asili paa hubebwa na boriti za miti, juu yake fito zilizopangwa kwa karibu, kisha udongo uliokandamizwa. Udongo huo ndio unaozuia joto la mchana lisishuke chumbani, na ndio huohuo unaohitaji kuzibwa nyufa kila mwaka kabla ya mvua za Novemba. Ukiacha misimu miwili, boriti zinaoza.

Mtunzaji wa mahali hapa ni mzee mpole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umewahi. Wageni wengi wanakuja saa sita, wanapiga kibao, wanaondoka."

"Nataka mlango, mzee."

"Basi subiri kidogo jua likae ubavuni. Mlango huu ukimulikwa usoni hausemi kitu."

Alikuwa amesema jambo ambalo wengine hulisomea. Nakshi ya mbao huonekana kwa kivuli cha ndani ya mikato yake. Jua likiupiga mlango uso kwa uso, mikato yote hujaa mwanga na ua lililochongwa hugeuka doa tu. Likija kwa ubavu, kila mchoro wa patasi hupata ukingo mweupe na ukingo mweusi. Tulingoja. Nilipoona kivuli kimeanza kuingia kwenye michongo ya miimo, nikaweka tripodi, nikafunga tundu la lenzi hadi f/8, nikapiga mlango mzima kwanza, kisha kizingiti cha juu, kisha mfaa ule wa katikati unaofunika pengo la mbao mbili, kisha komeo. Sehemu ya chini ilikuwa gizani. Nikatandika shuka jeupe ardhini mbele ya mlango, mwanga ukapanda kutoka chini na kuzilainisha mbao. Sikutumia flashi. Flashi iliyokaa juu ya kamera hufanya kosa lilelile la jua la usoni.

Kisha nikaingia uani, na huko nimekaa hadi alasiri.

Tukumbuke kilichotokea hapa. Stanley na Livingstone walifika Kwihara pamoja Februari 1872, wakitoka Ujiji. Machi Stanley akaondoka kurudi pwani ili amtumie mzee yule wapagazi na vifaa. Livingstone akabaki akisubiri hadi Agosti, wapagazi walipofika, ndipo akaondoka kwa safari ambayo hakurudi. Alifariki Mei 1873, na watu wake, Chuma na Susi wakiwemo, wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia tena Unyanyembe, yaani eneo hilihili la Tabora. Historia hiyo husimuliwa kila siku. Mimi nilikuwa nawaza jambo dogo zaidi: miezi ile yote mzee yule alikaa wapi mchana?

Tabora iko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta. Februari jua la adhuhuri huwa bado upande wa kusini, mwanzoni mwa Machi hupita juu ya utosi, na kufikia Juni limehamia kaskazini. Katika nyumba yenye ua katikati maana yake ni kwamba upande mmoja wa ua una kivuli msimu mmoja, na upande wa pili una kivuli msimu mwingine. Mtu aliyekaa humu kuanzia Februari hadi Agosti alilazimika kuhamisha kiti chake kutoka baraza moja hadi ile inayoikabili. Mjenzi wa tembe alijua hilo bila kuandikiwa na mtu. Nyumba haihami, anayehama ni mwenye nyumba, hatua kumi tu, na baridi ya udongo anaikuta kule alikokwenda.

Nimeipiga hiyo: kona moja ya ua, kamera isiyosogezwa, kila baada ya saa moja, ili mstari wa kivuli uonekane ukitembea sakafuni. Nadhani hizi ndizo picha bora nilizopata Tabora, ingawa hazina mlango wala jina la mtu mashuhuri ndani yake.

Mzee alinionyesha nyuma ya jengo na miembe. Nikamuuliza kama huwa wanaandika umri wa miti popote. Akacheka kwa huruma. "Mti nani auandike, mwanangu? Kibao ni cha nyumba." Kwihara na Ujiji zimo kwenye orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia iliyopelekwa UNESCO mwaka 2006, zikiwa sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde. Kama njia hiyo ni urithi, basi miembe iliyowekwa kando yake ni urithi pia, tena ndiyo iliyowapa kivuli watu waliofungwa minyororo, ambao majina yao hayapo kwenye kibao chochote. Hili naliamini kwa dhati na nitalisema popote nitakapoulizwa.

Jumatano, Tabora

Siku ya kununua asali na tiketi. Asubuhi nimepita nje ya Shule ya Wavulana Tabora, ambako Mwalimu Nyerere alisoma kuanzia 1937. Wanafunzi walikuwa darasani, sikutaka kuwasumbua, nimepiga miti ya nje tu. Hoteli ya zamani ya reli karibu na stesheni ina veranda pana na bustani inayomwagiliwa. Nimepiga bogenvilia iliyopandia nguzo, rangi ya zambarau juu ya chokaa nyeupe. Rangi kali namna hiyo huidanganya kamera, ua linabaki bonge la rangi moja lisilo na petali. Punguza mwanga hatua moja, petali zinarudi.

Usiku, treni.

Alhamisi, njiani

Usoke, Urambo, Kaliua. Nimelala Kaliua, nimeamka Nguruka, ambako wauzaji walikuwa wameshajaa madirishani. Baada ya hapo mto Malagarasi, kisha Uvinza ya chumvi. Ndani ya treni sikupiga kitu.

Nilichofanya ni kuziangalia stesheni ndogo. Karibu kila moja ina mwembe au mkrismasi mkubwa mbele yake, na abiria wote wamekaa chini ya mti, jengo likiwa tupu. Reli hii ndiyo iliyobeba vipande vya meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kufungwa kwenye masanduku 5,000 hivi, kisha ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927 kwa jina la Liemba. Watu walioyapakua masanduku yale mazito nao lazima walikuwa na mti wao wa kupumzikia mahali fulani.

Ijumaa, Kigoma

Reli ilifika Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na stesheni iliyojengwa mwisho wake inaonyesha matumaini makubwa waliyokuwa nayo. Hapa ndipo mzigo wa ng'ambo ya ziwa ungepandishwa kwenda pwani, zaidi ya kilomita 1,200. Wakafurahia muda mfupi tu. Julai 1916 Wabelgiji wakauchukua mji. Jengo limebaki, jeupe, kuta nene, matao mfululizo.

Ruhusa tena, maelezo tena, na tena nikakutana na watu waungwana. Matao ni kazi ngumu kuliko milango. Nje kuna mwanga mkali unaorudishwa na ukuta mweupe, ndani kuna giza. Ukipima nje, ndani panakuwa shimo jeusi. Ukipima ndani, ukuta unaungua na kupotea. Nilipiga mara mbili kutoka mahali palepale, moja kwa ajili ya ukuta na moja kwa ajili ya ndani, ili niziunganishe nyumbani. Lakini picha niliyoipenda nimeiacha na giza lake. Matao yale yanatupa vivuli vya mviringo sakafuni, na wakati wa asubuhi mtu anayepita anaingia kivulini, anatoka, anaingia tena. Nimesubiri mpita njia mmoja aliyekubali kupita taratibu.

Ikulu ndogo, ambayo wenyeji huiita nyumba ya Kaiser, haipigwi picha, na sikujaribu. Kijana wa bodaboda alinisimulia habari za handaki linalodaiwa kutoka hapo hadi stesheni. Hadithi hiyo kila mtu Kigoma anayo, na kila mtu ameisikia kwa mwingine.

Barabara ya Lumumba inapanda kutoka stesheni chini ya miembe. Hapo nimepanda na kushuka hadi jua likazama. Msimu huu wa kiangazi kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, milima ya Kongo haionekani kabisa, na jua linazama likiwa duara jekundu unaloweza kulitazama kwa macho. Wanaofuata mandhari hulalamika. Kwa majengo ukungu huo ni neema, unatawanya mwanga na kuufanya laini, hata ukuta wenye chokaa mpya hauumizi jicho.

Chakula cha jioni: mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo.

Jumamosi, Ujiji

Daladala kupitia mtaa wa Mwanga, kisha kwa miguu kwenye mtaa unaoelekea kumbukumbu ya Livingstone. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869. Tarehe iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya kukutana kwake na Stanley ni 10 Novemba 1871, na mahali penyewe ni chini ya mwembe. Mwembe ule ulikufa zamani, na iliyopo leo imetokana nao. Kwa hiyo hapa, pengine peke yake katika njia nzima, mti umepewa heshima ya jengo: una uzio, una maelezo, na mgeni anapelekwa kwake kabla ya kitu kingine. Nilifarijika kuliona hilo.

Watu hushangaa kuiona kumbukumbu iko mbali na maji. Ziwa lilipanda kwa miaka mingi hadi 1878, halafu likajifungulia njia upande wa Kongo kupitia mto Lukuga na kushuka mita kadhaa, likiiacha Ujiji ya zamani nchi kavu. Kisha mwaka 2020 na 2021 maji yakapanda tena na kuingia kwenye nyumba za kandokando. Nyumba za mwambao huu zimezoea ziwa lisilotulia.

Alasiri nimeingia mitaani, ambako ndiko nilikotaka kuwa tangu mwanzo. Ujiji ni mji wa pwani uliokaa bara. Nyumba nyingi zina mpango uleule unaoukuta Bagamoyo: baraza mbele kwa wageni na mazungumzo, ukumbi unaopita katikati na vyumba pande mbili, uani nyuma ambako maisha yenyewe yapo. Tofauti iko uani. Bagamoyo utakuta mnazi, hapa utakuta mchikichi na chungu cha mawese.

Sikupiga mlango wowote bila kubisha hodi. Hodi inachukua muda, unakaribishwa, unakaa, unaulizwa ukoo, unaletewa maji. Lakini anayekaa barazani dakika ishirini hujua jua linafika wapi saa ngapi kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu wenye nyumba humwambia. "Kaa huku, hapo litakufikia."

Nyumba moja ilinishika. Ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, mlango wenye miimo iliyochongwa mnyororo na mawaridi, na mwembe uliosimama hatua chache mbele ya baraza, tawi moja likiwa limelala juu ya bati. Mwenye nyumba ni bibi wa makamo ya juu sana. Mjukuu wake alitaka mti ukatwe kwa sababu mizizi imeinua saruji ya baraza.

"Shikamoo bibi. Naomba kupiga picha mlango."

"Marahaba mjukuu wangu. Mlango piga. Na mti piga, kabla huyu hajaniletea wenye misumeno."

Jumapili, Ujiji

Jana usiku nimechapisha picha sita kwenye studio moja pale Mwanga na asubuhi nimezipeleka. Bibi amezipanga kwenye mkeka. Za mlango amezitazama haraka. Ile yenye baraza yote, mwembe, na yeye mwenyewe amekaa pale kivuli kinapogusa ukuta, ameishika muda mrefu.

Nimemwonyesha mjukuu picha mbili nilizopiga jana kwa makusudi, moja saa nne na nyingine saa tisa. Zote mbili ukuta wa mbele uko kivulini, na nyumba ya jirani isiyo na mti ina bati linalong'aa na milango iliyofungwa kwa joto. Hakubisha. Alikwenda kumwita fundi wa jirani, na fundi akasema jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia juma hili: saruji ya baraza inaweza kuvunjwa pale kwenye mzizi tu na kujazwa udongo na mawe, ili mzizi upumue, na tawi lililolalia bati likatwe kabla ya mvua. Kazi ya siku mbili. Wakaanza kupatana bei mbele yangu.

Bibi akanipa kalamu, niandike nyuma ya picha kwa herufi kubwa. Akasema niandike kwanza nani aliupanda mwembe: mjomba wa mama yake, aliyekuja na wapagazi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Kisha nani alichonga mlango, kisha mwaka baraza lilipotiwa saruji. Nilipofika chini ya karatasi nafasi ikawa imekwisha na yeye alikuwa bado anaendelea, basi nikachukua picha ya pili.